Pale Alipooshewa Baba Yako

Luzira, njia ya Port Bell,
Kampala.
20 Januari 2025

Mpendwa mwanangu Nasif,

Assalaam alaykum. Pokea salamu za mama yako, zile zisizojaa kwenye simu wala kwenye bahasha. Unaendeleaje? Kifua chako kile kilichokuwa kinakubana ukiwa mdogo, joto la Mombasa limekitibu au bado? Mkwe wangu Nabwire hajambo? Na mjukuu wangu ninayemjua kwa picha tu, ameanza kutembea? Mwambie bibi yake wa Kampala alimwona kwenye picha amesimama kwa kushika kiti, akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa.

Huku tunamshukuru Mungu. Mimi presha inapanda na kushuka kama kawaida yake, dawa nakunywa. Nabilah dada yako mzima, bado yuko na kibanda chake cha chapati. Nuriat wake ataingia darasa la kwanza shule zikifunguliwa mwezi ujao. Kila siku anaivaa kidogo yunifomu yake mpya, halafu anaivua anaikunja.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu iko mkononi mwako siku nzima. Nimejaribu simu, mwanangu. Kila nikitaja chumba cha nyuma, mtandao unakuwa mbaya. Nikitaja vigae vya sebuleni unanisikia vizuri sana. Basi nimechomoa karatasi za katikati ya daftari la Nuriat, nimekaa mezani tangu asubuhi. Barua haina mtandao. Unaweza kuikunja uiweke mfukoni bila kuisoma, lakini itakuwa imeshafika.

Anayekuletea ni Nelima, yule wa soko la Owino anayekuja huko kufuata nguo za mitumba. Mpe chai na kitu cha kutafuna. Moyo wake ni safi, ila usimwulize habari za hapa, maana atakueleza hata zile ambazo bado hazijatokea.

Usicheke mwandiko wangu. Unajua niliishia darasa la nne, na Kiswahili changu nilikiokota kwenye kambi ya polisi, watoto wa Waacholi na Walugbara na Wanubi tukitukanana kwa lugha moja. Lakini ndicho baba yako alichoniposea, na ndicho nilichokulelea wewe. Tutasikilizana.

Sasa habari za nyumba.

Ziwa bado halijarudi mahali pake pa zamani. Mwaka jana lilipanda tena. Unakumbuka ulipokuwa mdogo nilikuwa nakutuma majini na ndoo, nakungoja mpaka nachoka? Sasa nikisimama nyuma ya jiko nasikia maji yanalamba mawe. Na hayaingii kwa mlango, mwanangu, yangeingia kwa mlango ningeyafagia. Yanakuja kwa chini. Ile sakafu nyekundu ya babu yako, uliyokuwa unaing'arisha kwa tambara kila Ijumaa ukinuna, imeanza kutoa unga mweupe kama chumvi. Nikiufagia leo, kesho umerudi. Mikeka inaota ukungu upande wa chini. Sanduku langu la nguo limeoza miguu.

Hayo yote ningeyavumilia. Ila tangu mwezi wa kumi na moja Nuriat ameanza kukohoa, kikohozi cha kuchomoa mbavu. Daktari wa kliniki alimsikiliza mgongo, akauliza analala wapi, kisha akauliza sakafu ikoje. Mimi tangu kuzaliwa sijasikia daktari anauliza habari za sakafu. Akasema dawa atatoa, lakini dawa haiwezi kushindana na nyumba. Siku hiyo nilirudi na mtoto mgongoni nikijua kazi hii haiwezi kungoja tena. Mvua za mwezi wa tatu zikitukuta hivi tulivyo, sijui kile kifua kitafanyaje.

Nimemwita fundi. Anaitwa Ocen. Baba yake alikuwa polisi pamoja na babu yako mzaa mama, kwa hiyo ni kama mtu wa nyumbani. Siku ya kwanza hakuja hata na koleo. Alikuja na kaveera, ule mfuko wa nailoni, akakata kipande, akakigandisha sakafuni kwa utepe pande zote nne, akajipangusa mikono akasema, "Mama, kazi ya leo imeisha."

Nabilah akamwambia, "Kama kazi ndiyo hiyo, hata mimi ni fundi."

"Wewe ni fundi wa chapati," Ocen akamjibu. "Mimi ni fundi wa subira."

Aliporudi kesho yake, chini ya ile kaveera kulikuwa na matone, kama jasho la mgonjwa wa malaria. Alinionyesha kwa kidole tu.

Mpango wake ni huu. Atavunja sakafu ya zamani chumba kimoja kimoja, sisi tukihama na vitanda vyetu kama wakimbizi wa humo humo ndani. Atachimba kidogo, ashindilie udongo, apange mawe yaliyovunjwa, juu yake mchanga. Kisha atatandaza kaveera nene nyeusi isiyo na tundu, ipande na ukutani kidogo, ndipo amwage zege. Hilo zege tutalinyeshea maji kila siku kwa wiki nzima. Nilimwuliza, tunapigana na maji halafu tunayamwaga wenyewe? Akasema zege ni kama mtoto mchanga, usipolinywesha linapasuka. Vigae ni mwisho kabisa.

Kuhusu vigae, ulisema utatuma vile vyeupe vinavyong'aa kama vya hotelini. Ahsante sana, Mungu akuongezee. Lakini mimi natawadha mara tano kwa siku na kutembea na miguu yenye maji, na kwa umri huu nikianguka sitainuka kama zamani. Nataka vya kukwaruza kidogo chini ya unyayo, rangi ya udongo uliochomwa, vifanane na sakafu ya babu yako. Nabilah anataka rangi ya maziwa. Nimemwambia nyumba ya watu wanaokula mboga ya malakwang na mchuzi haiwezi kuvaa nyeupe. Akaniambia basi tutakuwa tunakula chumbani kwako. Tumeachia hapo. Wewe amua, ila amua vya kukwaruza.

Sasa nimefika mahali ambapo kalamu inapakwepa tangu asubuhi.

Siku ya arobaini ya baba yako uliniambia kwenye simu, "Mama, chumba cha nyuma msikiguse mpaka nije." Nilikuahidi. Sijakigusa. Mwaka wa tano unakaribia kutimia na kitanda chake kiko palepale, kanzu yake iko msumarini, viatu vyake vya kazi vya kwenye meli ya mabehewa viko chini ya dirisha, kimoja kimelala ubavu kama alivyokivua. Mkeka wangu wa kuswalia nimeutandika juu ya pale alipooshewa. Mimi ahadi yangu nimeishika. Sakafu haikuahidi kitu.

Pale pamezama, Nasif. Mwanzoni palikuwa kama sahani. Halafu pakawa kama karai. Mwezi uliopita nilikanyaga, simenti ikavunjika chini yangu, mguu ukazama mpaka kwenye kifundo, nikaanguka nikapiga nyonga kwenye ubao wa kitanda. Ulipopiga simu nilikuambia nina homa. Haikuwa homa. Wiki mbili nilitembea kwa kushika kuta, na nilimkataza Nabilah asikuambie. Nisamehe. Mama akianza kumdanganya mtoto wake kwa sababu ya sakafu, ujue mambo yamefika mbali.

Ocen alipoingia chumba hicho alipiga magoti, akagonga sakafu kwa ngumi, hapa na pale, akisikiliza kama yule daktari wa Nuriat. Alipofika pale palilia kama ngoma.

"Mama, huku chini kulichimbwa?"

Nikamwambia kulichimbwa.

"Na udongo haukushindiliwa?"

Nikamwambia haukushindiliwa.

"Fundi gani huyo aliyefanya hivi?"

Nikamwambia ni mimi.

Jambo hili hujalisikia kwa mtu. Hukuwepo, na mimi nilikuwa naona haya. Nakuandikia lote.

Ilikuwa siku nne baada ya Idi, watu wamefungiwa majumbani kwa sababu ya ule ugonjwa wa korona, barabarani hakuna hata bodaboda. Baba yako aliamka vizuri, akaniomba chai, nikamletea, na nilipoweka kikombe alikuwa ameshakwenda. Moyo ulisimama tu. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Shangazi yako Kulusum alikuwa amekwama kwetu tangu Ramadhani, amri ya kutosafiri ilimkuta hapa. Ni yeye aliyesema mdogo wake ataoshewa nyumbani kwake, na maji yake hayatakwenda kwenye mtaro wa watu. Unajua tunavyofanya: kunachimbwa shimo chini ya kitanda cha kuoshea maiti, refu kama mtu, maji yote yaingie humo yabaki nyumbani. Huko kwenu pwani mnaliita ufuo, na shangazi yako naye analiita hivyo.

Wakaja wanaume watatu. Wengi zaidi waliogopa askari. Wakaanza kuvunja sakafu nyekundu kwa nyundo na patasi. Nasif, ile sauti! Baba yako amelala chumba cha pili amefunikwa shuka, mimi nimekaa ubavuni kwake, na kila nyundo inapotua naona kama atafumbua macho aulize nani anayevunja nyumba ya baba yake. Walipochimba kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, maji yakaanza kuchuruzika yenyewe. Ziwa lilikuwa limefika kabla yetu.

Wakamwosha. Wakamvika sanda, wakamswalia, wakamchukua. Jioni wale watatu wakarudi kufukia shimo. Mmoja alikuja na gogo la kushindilia udongo. Akaliinua akapiga mara moja. Mara moja tu. Nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. Nilimwambia, "Hayo ni maji ya mume wangu, unataka kumponda?"

Yule mtu akamwangalia shangazi yako. Shangazi yako, ambaye unamjua kwa maneno mengi, siku hiyo alitumia mawili. Akasema tu, "Mwacheni mjane."

Basi wakarudisha udongo kwa mikono, taratibu, kama wanamfunika mtoto asiamke. Juu wakapaka simenti nyembamba, wakaenda zao. Hakuna aliyekanyaga. Mimi mwenyewe mpaka siku ya arobaini nilikuwa napita kando.

Kosa ni hilo. Udongo usioshindiliwa unanyonya maji kama sponji, fundi yeyote anajua. Kwa heshima yangu nililifungulia ziwa mlango katikati ya nyumba, na leo mtoto wa Nabilah ndiye anayekohoa.

Kuna kingine, na hiki hata Nabilah hakijui. Miaka yote hii pale palikuwa na unyevu, hata wakati wa kiangazi kikali. Mimi nilidhani najua sababu. Nilidhani ni maji yake, yamekataa kuondoka. Nikimaliza kuswali nilikuwa naweka kiganja pale, pana baridi, namwambia habari za siku. Nuriat ameng'oka jino. Nabilah ameungua mkono. Nasif amepiga simu. Nikimwambia wewe umepiga simu, nilikuwa nakaa kidogo zaidi. Usinione nimerukwa na akili. Mtu aliyezoea kuongea na mtu mmoja miaka thelathini na minne hawezi kunyamaza siku moja.

Nilimweleza Ocen hayo, kwa sababu nilitaka aache kipande kile kama kilivyo. Yule mtu wa maneno mengi akakaa chini sakafuni, akavua kofia.

"Mama," akasema, "maji ya mzee yalikwisha wiki ileile. Haya ni ya Nalubaale."

Nalubaale ndilo jina wenyeji wanaloliita ziwa, kama umesahau. Nilimfukuza. Nilimwambia achukue kaveera yake atoke nyumbani kwangu. Akatoka. Nikakaa pale nikaweka kiganja changu, na kwa mara ya kwanza baridi ile ilikuwa ya maji tu.

Kesho yake nilikwenda kwa imamu. Nilimweleza kila kitu, hata lile la kiganja. Hakunicheka. Alisema maji ya kuoshea maiti si kaburi, mume wangu yuko makaburini alikozikwa, na dua inamfikia kutoka popote nilipoketi. Akasema, "Mtoto anayekohoa naye ana haki yake juu yako." Nilirudi nikampigia Ocen nikamwomba radhi. Akasema, "Mama, nimeshafukuzwa na wajane wakali kuliko wewe, kesho nitakuja."

Sasa wewe, mwanangu.

Najua kwa nini hujaja. Usiniambie habari za kazi bandarini. Karibu miaka mitano hakuna likizo? Hata hili gereza la hapa jirani linaachia watu. Nabilah aliniambia ulichomwambia. Kwamba siku ile ulifika Malaba ukakuta mpaka umefungwa, ukakaa siku mbili kati ya malori, ukageuka. Kwamba baba yako hukumwosha, hukumbeba, hukumtupia hata konzi tatu za udongo. Na kwamba mtu ambaye hakumzika baba yake ataingiaje katika nyumba yake. Maneno hayo ninayo tangu mwaka juzi, nimeyafunga kwenye pembe ya leso yangu, sikukuambia kama ninayo.

Nisikilize. Hilo hakuna aliyekuhesabia isipokuwa wewe. Siku ile ulipiga simu mara saba. Mara ya saba ulikuwa umeshindwa kusema, unalia tu, na mimi nikaiweka simu karibu na sikio la baba yako chini ya shuka. Nikaiacha hapo mpaka ulipokata. Sijawahi kukuambia, niliogopa utaumia zaidi. Kama alikusikia, Mungu ndiye anayejua. Mimi niliyekuwa pale nilikuhesabu kuwa umekuja.

Ocen ataanza Jumatatu tarehe tatu mwezi wa pili. Ataanza na chumba cha Nuriat, kisha sebule. Chumba cha nyuma nimemwambia kiwe cha mwisho. Jumamosi tarehe kumi na tano ataondoa ule udongo laini wote, na shimo litakuwa wazi. Litajazwa upya kwa udongo mwekundu mgumu, tabaka tatu, kila tabaka inashindiliwa mpaka gogo linaruka lenyewe. Tatu, Nasif. Mimi sikumwambia Ocen tatu, ndivyo kazi yenyewe inavyotaka. Alipozitaja nilitafuta mahali pa kukaa. Nikamwambia udongo huo una mwenyewe, aningoje nimwandikie.

Njoo uuweke wewe. Uuweke kwa mikono yako kisha uushindilie, kwa nguvu, kama inavyotakiwa. Safari hii sitapiga kelele. Nitasimama mlangoni na maji ya kunywa.

Sikwambii kwamba hilo litakuwa kaburi, imamu ameshanifundisha. Makaburini nako nitakupeleka, mimi na wewe, pole pole, kwa sababu ya hii nyonga. Lakini najua mikono yako inadai kazi ambayo haikufanya, na hapa kazi ipo.

Ukishindwa, siwezi kumshikilia Ocen. Mvua haimsubiri mtu, na Ramadhani inaingia mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Nitamwambia aendelee, Nuriat atatupa udongo kwa jina lako, na mimi sitakasirika, Wallahi sitakasirika. Ila chumba hutakikuta kama ulivyokiacha. Sitaki siku moja ufungue mlango ukute vigae, useme mama alivunja ahadi na hakuniambia. Ahadi naivunja mbele ya macho yako, ndiyo maana nimeandika.

Kuna ombi moja, nalo usinigombeze. Ocen aliniambia zege lake likishakauka nyundo na patasi havitaliweza tena. Nikamwuliza, na mimi je?

"Kwani wewe unakwenda wapi, mama?"

Nikamwambia ninakokwenda ndiko wanakokwenda wote.

"Unapanga safari na sukuma wiki yako bado iko jikoni!"

Tulicheka, lakini nilimshika mkono akajua sitanii. Nimemwambia aniachie kipande, upande wa ukuta wa mashariki, urefu wangu. Mimi ni mfupi, hakitampunguzia kazi. Chini ashindilie vizuri, kaveera aweke, lakini juu apake simenti nyembamba na vigae avilaze vya kunyanyuka. Siku yangu ikifika sitaki nyundo hata moja ipigwe ndani ya nyumba hii. Mnyanyue vigae taratibu, mviweke kando, mchimbe ufuo wangu, mkimaliza mvirudishe. Na mshindilie. Umesikia, Nasif? Msinionee huruma kama nilivyomwonea baba yako. Mshindilie.

Uliomba vipimo ili ujue vigae vingapi. Vya vyumba vingine Ocen atakutumia kwa simu, kwa mita. Cha nyuma sikutaka mtu mwingine akipime. Nimekipima mwenyewe kwa uzi wa katani, huo uliokunjwa ndani ya karatasi hii. Uzi wote ni urefu wa chumba. Lile fundo lililo tupu ni upana wake. Na pale nilipofunga kakitambaa chekundu, kutoka mwanzo wa uzi mpaka hapo, ni urefu wa shimo walilomchimbia. Ndio urefu wa baba yako. Ukitaka, simama nao ukutani ujipime. Nadhani mmelingana.

Nabilah anakusalimu sana, anasema ukija njoo na njaa. Nuriat anamsalimu mjomba wake wa kwenye simu, anauliza kama una miguu, maana hajawahi kuiona. Shangazi yako Kulusum yuko Bombo, magoti yamemkataa lakini mdomo bado unatembea. Anakusalimu na anasema hana neno na wewe. Ocen naye anamsalimu huyo mwenye udongo. Nisalimie Nabwire, umbusu mtoto kwa niaba yangu, umwambie jina la babu yake alijue kabla hajajua la kitu kingine.

Mungu akulinde kwenye hizo mashine kubwa za bandarini. Akufungulie kila mpaka uliofungwa, wa nchi na wa moyo. Baba yako amwangazie alipo, na sisi atukutanishe juu ya sakafu kavu.

Ukishanunua vigae, vitume kwa lori. Lakini uzi usimpe Nelima wala mtu mwingine yeyote. Urudishe mwenyewe, kabla ya tarehe kumi na tano.

Mimi mama yako akupendaye, ninayekungoja mlangoni,

Akwero, Mama Nasif